Madai ya dhuluma yachunguzwe kabla mtoto hajakabidhiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze wasiwasi wangu kuhusu namna mahakama zinavyoshughulikia madai ya dhuluma pale wazazi waliotengana wanapogombania malezi ya watoto. Hapa Malindi, mama akimweleza hakimu kwamba mumewe alikuwa akimpiga mtoto, huulizwa kwanza iko wapi fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, ilhali mtoto aliyechapwa mshipi usiku ndani ya nyumba ya wakwe si rahisi kufikishwa kituoni kabla alama hazijafifia. Akiikosa fomu hiyo, maneno yake huonekana kuwa ni chuki za talaka tu. Hilo linaniuma sana.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na hicho hicho kinampa haki ya kulelewa na wazazi wote wawili na ya kukingwa dhidi ya dhuluma. Sikatai kwamba wako wanaozua madai ili kuwakomoa wenzao, na baba aliyesingiziwa ana haki ya kusikizwa. Lakini dawa yake ni uchunguzi, si kupuuza. Afisa wa watoto afike nyumbani, azungumze na mtoto faraghani, awaulize walimu wake, na ripoti yake isomwe kortini kabla ya amri ya muda kutolewa. Hadi hapo, mzazi anayeshukiwa amwone mtoto mbele ya mtu mzima aliyeidhinishwa na mahakama.

Mzazi,
Shella, Malindi