Barua kwa Rehema: njiani kwenda kumwoza mwenzetu Tukuyu

Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Assalaam alaykum, shoga yangu. Sisi huku wazima, watoto wazima, na mvua zimeanza kuonja onja. Natumaini joto la Muscat limepungua na kazi zinakwenda.

Picha za harusi umeshaziona zote kwenye simu, na video za bibi harusi akiingia ukumbini najua umezirudia mpaka umezikariri. Lakini picha zile zimeanzia mlangoni mwa kanisa. Ninayotaka kukuhadithia yalianza mbali kabla ya hapo, barabarani, na hayatoshi kwenye sauti za dakika mbili mbili. Nimewalaza watoto, nimekaa mezani, nakuandikia.

Kwenye kamati walikuwapo waliotaka tupande ndege mpaka Songwe, tukodi gari pale, tufike Tukuyu nguo hazijakunjika. Neema akakataa katakata. Akasema, "Mzee alikuwa anatuletea ada ya mwanawe kwa barabara hii hii, na sisi tutakwenda kumwoza binti yake kwa barabara hii hii." Hakuna aliyebisha tena.

Unamkumbuka Mzee, baba wa bibi harusi. Akishusha mzigo bandarini, anaegesha lori lake kule Barabara ya Mandela, anakuja kwa miguu mpaka getini kwenye hosteli yetu ya chuo Mabibo na utingo wake nyuma, mmoja kabeba mkungu wa ndizi, mwingine kiroba cha viazi, na maparachichi yamefungwa kwenye gazeti moja moja yasigongane. Alikuwa hamwiti binti yake peke yake. Alituita wote kwa majina. Wewe ulikuwa "mwanangu wa Tanga", na yale machungwa ya Muheza uliyompa alituambia alikula la mwisho Lusaka. Tangu amefariki hatukuwahi kukaa pamoja tukamzungumza sawasawa. Kila mtu alikuwa na yake, nawe ulikuwa umeshaondoka.

Basi tulitoka saa kumi alfajiri kwa Noah ya Mama Ilham, shemeji, mumewe, usukani, jokofu la zawadi limefungwa kamba juu ya keria, sare zetu zimetundikwa madirishani. Halua yako na udi nilivipakata mimi. Sikukubali viwekwe nyuma na mabegi. Kibaha, Mlandizi na Chalinze tulizipita giza bado halijaondoka, na malori tayari yamejipanga kama shanga, mengine yakipandisha mafuta na mbolea Zambia na Kongo, mengine yakishuka na shaba kwenda bandarini. Morogoro tulikunywa chai na chapati pale Msamvu, shemeji akanyoosha mgongo, tukaendelea.

Mikumi ulikuwa unaisikia tu kwenye hadithi za bibi harusi wetu, sasa nikuambie: ni kweli. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hawana habari na magari. Nyani wamekaa kando na watoto mgongoni, pundamilia na swala wanakula, na tembo mmoja alisimama karibu kabisa na lami, masikio yanapepea taratibu, na shemeji akapunguza mwendo mpaka tukawa tunatambaa. Kuna vibao vimeandikwa faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mama Ilham akavisoma kwa sauti kimoja kimoja, na mumewe hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Ukishatoka Mikumi nchi inabadilika. Joto linapanda, mibuyu inaanza, mlima hata mlima ni mibuyu, na Mto Ruaha Mkuu uko chini yako unakufuata. Ruaha Mbuyuni ndiko kwenye vitunguu. Vijana wanakuja dirishani na nyavu nyekundu kabla gari halijasimama. Tulinunua vya mama wa bibi harusi, gari likanuka vitunguu mpaka mwisho wa safari.

Halafu Kitonga.

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo harusi ilipoanzia kwangu. Kitonga ni mlima wa kona, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na gari nzito linapanda kwa gia ndogo kabisa. Tuliona kwanza matawi mabichi yamepangwa barabarani, ukiyaona hayo ujue mbele kuna gari limekufa. Ni lori la tela, limekata shafti kwenye kona. Juu hakupandiki, chini hakushukiki. Foleni ikajikunja mlima mzima, mabasi, malori, gari za watu binafsi, na jua la saa saba linachoma.

Tulishuka tukasimama kivulini mwa tela la mtu. Mbele yetu alikuwapo utingo, kijana mdogo, kandambili miguuni, kashika kabari ya mti. Kila dereva alipolisogeza lori lake hata shubiri moja, yule kijana anaruka, anaisukuma kabari nyuma ya tairi, anasimama, anangoja tena. Tairi lile lilimfika kifuani. Nilimtazama muda mrefu, Rehema. Na Mzee alianza hivyo hivyo, tuliambiwa, kwa kabari, kabla ya kupewa usukani.

Mwenye tela alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, kawasha jiko la gesi kando ya tairi anapika ugali. Tulimsalimia, "Shikamoo baba," akatuitikia, akatukaribisha maji kwenye dumu lake. Akauliza tunakwenda wapi na jokofu juu ya gari. Neema akamweleza yote: harusi, Mzee, Mabibo, ada. Yule baba akazima jiko, akatusimulia kazi yake pale pale bila haraka. Safari ya Lubumbashi si ya kuhesabu kwa kilomita, alisema, ni ya kuhesabu kwa foleni. Unalala Tunduma ukisubiri kuvuka, unavuka Nakonde, unaimaliza Zambia yote, unafika Kasumbalesa unalala tena. Anaogea dumu. Analala ndani ya kichwa cha gari au chini ya tela kwenye turubai, sikio moja liko macho kwa ajili ya wezi wa mafuta. Ana binti kidato cha sita, na posho ya njiani anaila nusu, nusu inakwenda shule. Akasema, "Mtoto hajui, na asijue mpaka amalize. Akijua atasoma na huzuni."

Mama Ilham alianza kulia, na mimi nikamfuata. Kumbe Mzee alikuja pale getini kanyoa ndevu, kavaa shati safi, anacheka, mkungu begani, na huko nyuma ametoka kulala chini ya tela Tunduma. Hakutuonyesha hata siku moja. Na sisi tulidhani ndizi zinatoka kwenye gari tu.

Nilitamani uwepo saa ile. Nilikuita kwa simu, mtandao hakuna mlimani.

Winchi lilipofika likalivuta lile lori pembeni, upande wetu tukaruhusiwa. Kutoka hapo nitakwenda mbio: Ilula na nyanya zake, Iringa tulipoanza kuvaa masweta, Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, Makambako penye njia panda ya Njombe na Songea. Giza lilituingilia Igawa. Uyole tukaiacha njia kuu ya Tunduma, tukakata kushoto kuelekea Tukuyu, ukungu ukashuka mpaka shemeji akawa anaendesha kwa kuufuata mstari mweupe wa pembeni. Mlima Rungwe hatukuuona usiku ule.

Nyumbani hawakuwa wamelala. Usiku wa manane, Rehema, na mashangazi walitoka na vigelegele na khanga vichwani kwa ajili ya manyunyu. Walituchemshia maji ya kuoga. Chai ya tangawizi, mbalaga ya moto, zile ndizi zao za kupika, na mama wa bibi harusi kanishika mikono yote miwili, anaangalia nyuma yangu kwenye gari. "Yuko wapi wa Tanga?" Nikamwambia uko Muscat, kazini, na hiki hapa kilichotoka kwako. Akaipokea halua kwa mikono miwili, akaiweka chumbani kwake. Bibi harusi akatoka na hina mkononi, alikuwa hajui kama tumefika, na tulikumbatiana mlangoni mpaka shangazi mmoja akatufukuza tusimharibie ile hina.

Asubuhi mawingu yakafunguka, na mlima uko pale, mkubwa, karibu mita 3,000, chini yake migomba na chai vimepandwa mpaka kwenye vizingiti vya watu. Jambo moja lazima nikuambie, maana litakufurahisha. Ng'ombe wa harusi alikuwa bado hai. Baba mdogo alikuwa amemwita jirani Mwislamu tangu juzi yake aje kuchinja, "wanangu wa pwani wale bila wasiwasi." Hakuna aliyemwagiza. Alisema kaka yake angetaka hivyo.

Ibada ilikuwa kanisa la Moravian. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na matarumbeta yao si ya mchezo. Walimpokea bibi harusi barabarani, wazee na vijana wamejipanga na pembe zao zinang'aa, wakampeleka mpaka mlangoni kwa mwendo wa taratibu. Baba mdogo alimshika mkono upande mmoja. Upande wa pili, ambapo ilikuwa aje shangazi, bibi harusi akasimama, akamnong'oneza, kisha akamwita shemeji yetu. Ndiyo, shemeji, dereva wetu! Akasema, "Baba angetaka dereva anifikishe." Kanisa zima likanyamaza kwanza, halafu vigelegele vikavunja dari. Shemeji alitembea machozi yanamtoka na hakuyafuta.

Ukumbini sina haja ya kukusimulia, video unazo. Kitu ambacho hakimo kwenye video ni bibi yake, mama yake Mzee, aliyekaa kona na blanketi mapajani. Nilimpelekea kipande cha halua na kahawa. Alikula polepole, akaniuliza barabara ilikuwaje, nikamwambia habari za Kitonga. Akatikisa kichwa. Mumewe, babu yake bibi harusi, alikuwa utingo zama zile Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikakosa njia ya kusini, mafuta yakawa yanapita huku kwa malori. Barabara ya udongo, lami hakuna, masika gari linazama mpaka tumboni, wanalala porini wiki nzima. Reli ya TAZARA ilikuja baadaye. "Mume wangu barabara hii, mwanangu barabara hii," alisema. "Mjukuu amekuja kuniaga kwa barabara hii hii, ila yeye ana digrii." Akacheka kwa furaha kabisa, akaomba kipande kingine cha halua.

Ndiyo haya niliyotaka uyajue. Sisi tulidhani tunampeleka mwenzetu kwake, kumbe tulikuwa tunakwenda kumshukuru mtu. Na wewe ulihusika katika shukrani ile, kila mtu pale alijua.

Sasa kuna kazi yako. Wakati tunaaga, mama alinivuta jikoni. Picha za Mzee anazo nyingi, za kipaimara, za misiba, za kitambulisho, lakini hana hata moja aliyopiga na lori lake. Nikakumbuka ile uliyotupiga sisi tukiwa tumepanda ngazi ya kichwa cha gari, Mzee kasimama chini kashikilia mlango asianguke mtu. Ilikuwa kwenye simu yako ya zamani. Itafute, shoga, hata kama ni kuipeleka ile simu kwa fundi. Ukiipata nitumie kama faili, isipungue ukubwa. Nitaichapisha Kariakoo kwa karatasi nzuri, niiwekee fremu, niikabidhi kwenye basi la Tukuyu. Baba mdogo ameahidi kuipokea stendi mwenyewe.

Shemeji, Mama Ilham na Neema wanakusalimu sana. Bibi harusi anasema atakupigia ijumaa, usizime simu.

Wasalaam,
nduguyo,
Mwajuma