Kocha ni mimi, si dereva

Mhariri,

Wiki jana tulikuwa mashindano ya magongo (hoki) ya shule, haya ya tem ya kwanza. Kabla mechi ianze ofisa mmoja akaja kwa benchi letu, akanipita, akaenda kumuuliza dereva wa basi "kocha, lete majina ya wachezaji." Na majina ninayo mkononi! Dereva akaninyoshea kidole, ofisa akasema alidhani mimi ni metroni. Iliniuma sana.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nilipoingia fomu wani nikaambiwa stiki ya mashoto haipo, stiki zote ni upande mmoja tu bapa na huo ndio unaruhusiwa kugusa mpira, nikajua basi magongo si yangu. Mwalimu wetu, mwanamke, akanishika viganja akaviweka kwa stiki, akaniambia huu wa kushoto ndio unakaa juu, ndio unageuza stiki, huu wa kulia ni wa kusukuma tu. Kumbe ule mkono niliokuwa nachapiwa praimari ndio magongo yanautaka.

Kutoka hapo sijaacha. Nimechezea klabu Nairobi miaka kumi na moja, pale City Park, mwaka mmoja mamangu akiwa jukwaani na mtoto wangu wa miezi minne, hafutaimu nakimbia kunyonyesha halafu narudi kucheza kiungo. Sasa nafunza wasichana huku magharibi, uwanja wa nyasi na mashimo, mpira ukigonga kichuguu unaruka hadi usoni na ule mpira ni mgumu kama jiwe.

Mhariri, kuna vitu kocha mwanamume haambiwi. Msichana akianza hedhi asubuhi ya mechi na skati ni nyeupe, atasema kichwa kinamuuma akae nje, na kocha ataandika ni mvivu. Mimi nabeba pedi na kaptura nyeusi kwa begi la mipira, na huyo msichana anacheza.

Wanawake walianza kucheza magongo Olimpiki mwaka wa 1980 kule Moscow na dhahabu ikaja Afrika, ikachukuliwa na Zimbabwe, timu iliyoitwa wiki chache tu kabla kwa sababu nchi nyingi zilisusia. Wanaume wetu wa Kenya walienda Olimpiki mara saba kati ya 1956 na 1988. Wanawake wetu bado hata mara moja, na wachezaji wazuri tunao, nimecheza nao, wengi wakizaa wanapotea kabisa ilhali wangekuwa makocha. Wanaopanga kozi za ukocha wazilete mashinani wakati wa likizo, na mama mwenye mtoto mchanga aruhusiwe kuja naye.

Na wewe mhariri tuma ripota. Tuko uwanjani kila siku saa kumi jioni, mwambie akifika aulize kocha, asimuulize dereva.

Mama Kocha,
Vihiga