Kabla hujahamia Ohio, Mama Amani

Columbus, Ohio
19 Oktoba 2025

Mama Amani mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto ni wazima, baba yao bado yuko zamu ya usiku, na goti langu limetulia tangu wanibadilishie sehemu kazini. Ujumbe wako kwamba mmeamua kuondoka Abilene nimeusikiliza mara tatu. Tangu tuagane kambini Nyarugusu sijapata jirani ambaye naweza kumgongea mlango kuomba chumvi bila kumpigia simu kwanza. Njoo, dada yangu. Njoo upesi.

Habari za nyumba na kazi za maghala kule Groveport atakupa Baba Neema, yeye ndiye anayezijua. Mimi nakuandikia kuhusu sheria. Nimeona watu wetu wakihama toka jimbo moja kwenda jingine kana kwamba wamehama kijiji tu, halafu yanawakuta mambo. Kule Texas umezoea kushika simu mkononi ukiangalia ramani, na polisi akikuona hana neno, mradi huandiki wala husomi ujumbe. Huku sivyo.

Ohio ilibadilisha sheria hiyo tarehe 4 Aprili 2023. Zamani dereva mtu mzima hakuweza kusimamishwa kwa ajili ya simu peke yake, polisi alihitaji kosa jingine kwanza. Sasa akikuona umeishika gari likitembea, anakusimamisha. Miezi sita ya mwanzo walitoa onyo, na kuanzia Oktoba mwaka ule wakaanza kuandika tiketi. Mara ya kwanza ni hadi dola 150 na pointi mbili kwenye leseni. Ukirudia ndani ya miaka miwili ni hadi 250 na pointi tatu, ya tatu ni hadi 400 na pointi nne, na hakimu anaweza kukufungia leseni siku 90. Kwenye barabara inayotengenezwa faini ni mara mbili. Pointi zikifika 12 ndani ya miaka miwili leseni inafungwa miezi sita, na wewe unajua hapa bila gari huendi kazini.

Kuongea unaweza, simu ikiwa sikioni, ila usiandike namba wala kitu chochote. Gari likiwa limesimama kwenye taa nyekundu unaweza kuitazama. Ramani, iweke kwenye kishikio na uiwashe kabla hujaondoka. Na msingoje mpaka mfike huku ndipo muanze, kwa sababu njiani mtapita Tennessee, nao walikataza kushika simu tangu 2019.

Mimi yalinipata Machi 2024. Nilikuwa natoka kazini alfajiri, napanda Cleveland Avenue, mwalimu wa kwaya akatuma ujumbe wa sauti. Nikaichukua simu nisikilize. Taa za buluu zikawaka nyuma yangu. Mama Amani, moyo ulinienda mbio kama siku zile za kambi tukisikia msako. Yule polisi alizungumza kwa upole, akaniambia kwamba nina haki ya kukataa asiipekue simu yangu. Mimi nikampa. Sikuwa na cha kuficha, lakini nilimpa kwa sababu mkono wangu umezoea: mwenye sare akisimama mbele yako, unatoa kila kitu. Baadaye wakili wa msaada wa kisheria alinieleza kwamba maneno yale yamo ndani ya sheria yenyewe. Polisi lazima akwambie kwamba unaweza kukataa, na bila ruhusa yako au hati ya mahakama haruhusiwi kuifungua. Nimelia kidogo siku ile, si kwa ajili ya tiketi. Tumekaa miaka mingi sana bila mtu kutuambia tuna haki ya kusema hapana.

Tiketi yenyewe iliisha vizuri. Kwa kosa la kwanza unaruhusiwa kusoma somo la kuendesha kwa makini, unapeleka cheti mahakamani, faini na pointi zinaondolewa. Ila niliitikia wito kwa tarehe iliyoandikwa. Wapo watu wetu wanaiweka ile karatasi kwenye droo kwa sababu hawaielewi. Ukikosa tarehe, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na tiketi ndogo inageuka pingu. Omba mkalimani wa Kiswahili, mahakama inamlipa yenyewe. Usikubali Amani awe ndiye anakutafsiria mbele ya hakimu, huo si mzigo wa mtoto. Na kama huna pesa ya faini, nenda ukaseme huna. Tangu Aprili 2025 mahakama haziwezi tena kufunga leseni ya mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa faini. Hiyo imewaokoa wengi, maana walikuwa wananyang'anywa gari ndilo lingewapeleka kutafuta hiyo pesa.

Binti yako mkubwa ana miaka 19 na hajachukua leseni, sivyo? Kama anaweza, aimalizie hukohuko kabla hamjahama. Ohio zamani waliolazimishwa shule ya udereva ni wa chini ya miaka 18. Tangu tarehe 30 Septemba 2025 ni kila aliye chini ya 21: saa 24 za darasa na saa nane barabarani na mwalimu. Ni pesa hiyo.

Wewe na baba yao mna siku 30 tangu kuhamia za kubadilisha leseni. Ofisi yake huku inaitwa BMV. Leseni yenu itaandikwa kwamba ninyi si raia, ndivyo wanavyofanya tangu 2023, msishtuke. Ila hapo dirishani mnaweza kuulizwa kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana, na mhakikishe hamjatia sahihi karatasi msiyoielewa. Kwa mtu asiye raia kujiandikisha kupiga kura ni kosa la jinai, na linaweza kuua kabisa ombi lako la uraia. Tabasamu la karani lisikufanye useme ndiyo ndiyo tu kwa heshima.

Sasa bangi. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wananchi wa Ohio waliipigia kura, na tangu tarehe 7 Desemba 2023 mtu mwenye miaka 21 anaruhusiwa kuwa nayo, hata kupanda miche sita nyumbani. Tangu Agosti 2024 inauzwa kwenye maduka yenye taa nzuri, unapewa na risiti. Kijana mmoja wa kwaya yetu alinunua hivyo, kihalali mbele ya jimbo. Alipokwenda kwenye mahojiano ya uraia akaulizwa kama amewahi kutumia dawa za kulevya. Ni mtoto aliyelelewa kusema kweli, akasema kweli. Ombi lake likakataliwa. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na serikali kuu bado inahesabu bangi kuwa kosa. Ilishaandikwa waziwazi na idara ya uhamiaji mwaka 2019 kwamba hata jimbo likiruhusu, mwenendo wako hauhesabiwi kuwa mwema. Hata kuajiriwa kwenye duka lile kunaweza kukuletea shida hiyohiyo. Nimemwona mama yake akikaa kanisani ameshika ile barua kama mtu aliyeshika taarifa ya msiba. Hakuna aliyemwambia mwanawe. Hata mimi sikumwambia, nami nilikuwa najua. Kwa hiyo wewe nakwambia, na waambie watoto kabla hawajapata marafiki wapya: ruhusa ile si yetu mpaka tuwe raia.

Bunduki nayo. Shemeji yako aliniambia amenunua moja huko. Kuanzia Juni 2022 Ohio, kama Texas, haidai kibali cha kubeba bunduki iliyofichwa kwa mwenye miaka 21 anayeruhusiwa kuwa na silaha. Akisimamishwa na polisi akaulizwa kama anayo, lazima ajibu kweli, na mikono ikae juu ya usukani. Mimi nilikimbia kwetu Fizi, Kongo, kwa sababu ya bunduki, sitaki kuiona katika nyumba yenye watoto, na nitamwambia mwenyewe usoni.

La mwisho si rahisi kuliandika. Sheria ileile iliyoleta mambo ya simu mwaka 2023 imefanya kumkaba mtu koo kuwa feloni, kosa zito la jinai. Wazee wetu hapa wamezoea kuingia nyumba yenye ugomvi, wanakaa na mume, wanakaa na mke, wanaomba, yanaisha. Walifanya hivyo kwa jirani mmoja, na mara ya tatu mke alitoka na gari la wagonjwa. Hapo kesi haikuwa tena ya wazee. Mke alitaka kuifuta, akaambiwa si yake kufuta, ni ya mwendesha mashtaka. Mume akitiwa hatiani anaweza kurudishwa alikotoka hata kama ana grini kadi. Akina mama wengine hapa wanailaumu sheria, wanasema inavunja nyumba. Mimi siilaumu. Niliiona shingo ya yule mke. Ninachotaka ni wanaume wetu waelezwe mapema kwa lugha yao, na mwanamke ajue kwamba akiita msaada yeye mwenyewe hapotezi karatasi zake, kuna njia za uhamiaji zilizowekwa kumlinda aliyeumizwa. Nimewaomba wazee wamwalike wakili siku moja baada ya ibada. Wamesema watafikiri. Ukifika tutawafuata mimi na wewe, wewe wanakusikiliza kuliko mimi.

Wekeni bima, leseni na usajili wa gari kwenye mfuko mmoja, si chini ya mizigo. Msitembee usiku. Nimesafisha chumba cha chini, godoro mbili zipo, na Mama Rehema ameahidi kunipatia sombe, majani ya muhogo, aliyotwanga mwenyewe. Ukivuka mto Ohio pale Cincinnati simamisha gari kwanza, ndipo unipigie.

Wako akupendaye,
Mama Neema