Mtajeni Wanja kama seta

Kwa Mhariri,

Kila Janet Wanja anapotajwa tangu alipofariki Desemba 2024 akiwa na miaka 40, huitwa nyota wa zamani wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake ya Kenya, na habari inaishia hapo. Alikuwa seta, yaani mchezaji anayewawekea washambuliaji mipira ya kupiga. Ripoti za voliboli huhesabu pointi za washambuliaji, na seta hufunga chache mno, kwa hiyo kazi yake haionekani.

Sevu ikishapokewa, seta anakimbilia karibu na wavu, kati ya nafasi namba 2 (mbele kulia) na namba 3 (mbele katikati), bega la kulia likiuelekea wavu. Miguu ifike kwanza na itulie, ndipo mikono ipande juu ya paji la uso. Mkono mmoja ukigusa kabla ya mwingine, refa anapuliza: mpira umeguswa mara mbili.

Kosa baya zaidi halipulizwi. Seta akipinda mgongo kabla ya kutoa mpira unaokwenda nyuma yake, wazuiaji wa upande wa pili wanajua unakokwenda. Mshambuliaji wake anaruka na kukuta mikono minne juu ya wavu wa mita 2.24 badala ya miwili. Anazuiwa, na kesho yake anaandikwa kwamba alikuwa butu!

Mpira wa kasi wa katikati ni mgumu zaidi, kwa kuwa mshambuliaji huwa ameshaanza kuruka seta akiugusa. Ukichelewa kidogo tu, anashuka mkono ukiwa mtupu. Uelewano huo hujengwa kwa kurudia mazoezini wawili hao wakiwa pamoja, ndiyo maana timu hupwaya ikibadilisha seta ghafla. Tena, seta akiwa mstari wa mbele, mbele hubaki washambuliaji wawili tu, na lazima awafanye waonekane watatu.

Kazi hiyo ndiyo Wanja aliyoifanya katika klabu ya Kenya Pipeline na timu ya taifa, ikiwemo Olimpiki ya Athens 2004. Miaka 20 baadaye alikwenda Paris na Malkia Strikers, safari hii akiwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo.

Mhariri, mwandishi wako akiripoti kwamba mshambuliaji fulani amefunga pointi 18, aandike pia ni nani aliyemwekea mipira hiyo. Jina moja zaidi linatosha.

Wapenzi wa voliboli,
Nairobi