Mutua, chuma kibaki kichwani

Nairobi, Jumanne usiku

Mutua ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa Mwende. Mwambie sufuria zake zipo salama, asianze maneno.

Ujumbe wako nimeusoma: unasikia redio kichwani, na fundi anakwambia inanaswa na kile kibamba cha chuma ulichowekewa ulipoumia kichwa. La kwanza kabisa: usimruhusu mtu akufungue kichwa atoe hicho kibamba ati kinanasa redio. Huyo fundi wako wa barabara ya Luthuli ni hodari wa spika na amplifaya, sibishi. Lakini hapa amekupotosha, tena kwa kazi anayopaswa kuijua.

Tumfuate kwa hesabu zake mwenyewe. Redio isiyo na betri ipo kweli. Inataka waya mrefu hewani, mita 20 hivi, waya mwingine ardhini, dayodi ya kuchambua sauti kutoka kwa wimbi, na kisikizio chepesi sana. Wewe una kibamba cha titani cha sentimita chache, kimezungukwa na nyama na damu yenye chumvi. Dayodi iko wapi? Isitoshe, redio ya aina hiyo hunasa AM, ambako sauti hubebwa na nguvu ya wimbi. Stesheni tunazopigiwa kwenye matatu ziko FM, megahezi 88 hadi 108, na huko sauti imebebwa na kupanda na kushuka kwa masafa, si kwa nguvu ya wimbi. Dayodi peke yake haiwezi kuitoa. Halafu jiulize: hiyo redio yako imewahi kukupa habari ambayo hukuijua? Imewahi kutaja saa, nawe ukaangalia simu ukakuta ni kweli? Umesema ni nyimbo za zamani, na mtangazaji ambaye maneno yake hayashikiki, kama yuko chumba cha pili. Hivyo ndivyo wanavyoeleza wengi wanaosikia nyimbo zisizokuwepo kwa kuwa usikivu wao umepungua.

Pigo la kichwa hutikisa sikio la ndani, na vile vinyweleo vya kusikia vikifa havioti tena. Mara nyingi sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka asijue. Ubongo ukikosa sauti hujiongezea nguvu, kama mzee anayepandisha redio yenye betri hafifu, kisha hujaza pengo kwa nyimbo ulizonazo akilini. Ukiupa mngurumo wa kudumu, friji, feni, mvua kwenye mabati, huugeuza kuwa wimbo humo humo. Si wazimu. Wala si mapepo, hata Mama Kevo akileta maji ya upako.

Usiku zima friji dakika tano uone kama wimbo unapungua. Kisha ziba masikio: sauti ya nje hupungua, ya ndani huzidi. Halafu shika mshipa wa mkono. Kelele ikienda sambamba na mapigo ya moyo, usingoje, kwa maana baada ya kuumia kichwa mshipa wa ateri unaweza kujiunga na wa vena, na hilo linataka picha ya mishipa. Ikija kwa vipindi vifupi vinavyofanana, na harufu ya ajabu, au Mwende akiona umekodoa macho huitiki, huenda ni kifafa, na kipo kipimo cha umeme wa ubongo. Na kama ni sauti inayokusemesha au kukuamuru, mwambie daktari wazi, usione haya. Hilo pia lina dawa.

Chukua barua ya rufaa kituo cha afya kilicho karibu, uende kliniki ya masikio, pua na koo. Kwanza wakuangalie nta (na uache vile vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani tu). Kisha kipimo cha usikivu, kila sikio peke yake, toka sauti nene hadi nyembamba, hezi 250 hadi 8,000. Ukihitaji zaidi ya desibeli 25 ndipo usikie, umepungukiwa. Omba nakala ya mchoro. Beba orodha ya dawa zako zote: kwinini, aspirini nyingi, sindano za jentamaisini, zote husumbua masikio, ila usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuuliza. Beba pia barua ya upasuaji. Wakitaka MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, lazima wajue ni chuma gani kiko ndani.

Wengi hupata nafuu wakipewa kifaa cha kusikia. Kwa sasa usilale kimyakimya wala ukiwa umeziba masikio, kimya huikoleza hiyo sauti. Washa redio ya kweli, sauti ya chini kidogo kuliko hiyo ya kichwani. Ndiyo, dawa ya redio ni redio, cheka.

Sasa nijibu. Ni sikio gani, au yote mawili? Ukiweka simu upande wa lile jeraha, unasikia sawa? Kizunguzungu je? Kuna maji yasiyo na rangi yanayotoka puani au sikioni? (Yakiwepo, nenda hospitali usiku huo huo.) Usikivu umewahi kukatika ghafla? Bado unasimama kwenye kinu cha posho bila kitu masikioni, licha ya Otieno kukununulia vizibo? Huyo fundi alitaka pesa ngapi? Na michango yako ya SHA, bima ya afya, imelipwa, au tuchangishane kabla ya Ijumaa?

Wako,
Njoroge