Yussuf Poulsen hakutukimbia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu maneno ambayo nimeyasikia kwa miaka mingi kila jina la mwanasoka Yussuf Poulsen linapotajwa, kwamba yeye ni Mtanzania aliyetukimbia akaenda kuichezea Denmark. Maneno hayo si ya kweli, nami yananiuma, kwa sababu yanamdhulumu mtu aliyetuheshimu hadharani kabla hatujamfanyia jambo lolote la maana.

Poulsen alizaliwa Copenhagen mwezi Juni 1994. Mama yake ni raia wa Denmark, na baba yake alikuwa Mtanzania aliyefanya kazi katika meli za makontena zilizokwenda na kurudi kati ya Afrika na Denmark. Baba huyo alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani mtoto akiwa na miaka sita tu. Soka alifundishwa huko huko, kwanza BK Skjold, kisha Lyngby, na mwaka 2013 akajiunga na RB Leipzig ya Ujerumani ilipokuwa bado inacheza daraja la tatu. Alipanda nayo ngazi zote: daraja la pili mwaka 2014, ligi kuu mwaka 2016, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2020, na Kombe la Ujerumani mara mbili mfululizo, mwaka 2022 na 2023. Alidumu hapo miaka 12 hadi alipohamia Hamburg mwaka 2025, na katika zama hizi ambapo mchezaji hubadili klabu kila dirisha la usajili linapofunguliwa, ustahimilivu wa namna hiyo ni nadra.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Denmark ilicheza mchezo wake wa kwanza dhidi ya Peru katika mji wa Saransk. Poulsen ndiye aliyesababisha penalti kabla ya mapumziko, Peru wakaipaisha juu ya lango, na kipindi cha pili akapokea pasi ya Christian Eriksen na kufunga bao pekee la mchezo ule. Mgongoni mwa jezi yake hapakuandikwa Poulsen. Paliandikwa Yurary, jina la baba yake, na mwenyewe alieleza kwamba alifanya hivyo ili kumuenzi. Sisi wa pwani tunalielewa jambo hilo kuliko wengine, kwa kuwa kwa desturi yetu mtoto huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake. Jioni ile, mbele ya dunia nzima, alikuwa Yussuf Yurary, kama ambavyo angeitwa angekuwa amekulia Tanga au Zanzibar.

Wanaosema alipaswa kuichagua Taifa Stars, timu yetu ya taifa, wajiulize alipewa uchaguzi gani. Kanuni za FIFA zinamtaka mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha, na Sheria yetu ya Uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; aliyezaliwa na uraia wa huku na wa kule anatakiwa kuukana mmoja anapotimiza miaka 18. Denmark nayo haikuruhusu uraia pacha hadi Septemba 2015, wakati Poulsen alikuwa tayari ameanza kuichezea timu yao ya wakubwa tangu Oktoba 2014. Kwa hiyo kijana aliyefiwa na baba akiwa mdogo angelazimika kuukana uraia wa mama aliyemlea ili tu atufurahishe sisi. Mimi nisingethubutu kumwomba mwanangu afanye hivyo. Hadhi maalumu iliyowekwa kwa ajili ya wenye asili ya Tanzania walioko ughaibuni ni hatua ninayoipongeza, lakini haimfanyi mtu kuwa raia, na kwa mchezaji wa mpira hilo ndilo linaloamua.

Pamoja na ugumu huo, yupo Haji Mnoga, aliyezaliwa Portsmouth nchini Uingereza, ambaye alikuwamo katika kikosi chetu kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024. Naamini wapo watoto wengine kama yeye katika vituo vya kukuzia vipaji vya Ulaya, wenye miaka 13 au 14, ambao hakuna aliyewahi kuwapigia simu wazazi wao kutoka Dar es Salaam. Naiomba TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu, iwatafute sasa, izungumze na baba na mama wote wawili, iwaalike kwenye timu za vijana wakati wa likizo za shule, na ipeleke bungeni hoja ya uraia wa wanamichezo kabla watoto hao hawajafikisha miaka 18.

Mwalimu mstaafu,
Tanga