Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: wagonjwa wa miasthenia tuhesabiwe

Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: OMBI LA DAFTARI LA TAIFA LA WAGONJWA WA MIASTHENIA GRAVISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya sekondari huku Mbagala, Dar es Salaam, na ni mgonjwa wa miasthenia. Ombi langu ni moja na nalitanguliza, maana barua zinazokufikia ni nyingi: Wizara ifungue daftari la taifa la wagonjwa wa ugonjwa huu, lianzie Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha lishuke hospitali za rufaa za kanda na mikoa. Mengine yote nitakayoyasema ni sababu.

Wewe ugonjwa huu unaujua, lakini barua ni ya wazi na watakaoisoma wengi si madaktari. Miasthenia ni misuli kuchoka inapotumika na kupata nguvu ikipumzishwa. Kipindi cha kwanza nafundisha kama kawaida. Ikifika kipindi cha nne sauti imehamia puani, maneno yanalegea, na kope la kushoto limefunika nusu ya jicho. Mchana kila mwanafunzi namwona mara mbili, na darasa lenyewe limeshajaa kupita kiasi. Jioni wali unakwama kooni. Kesho yake asubuhi, mzima. Ndiyo maana mgonjwa wa miasthenia haaminiki: akionana na daktari saa mbili asubuhi hana dalili, akionekana mtaani jioni anaambiwa kalewa, kalogwa, au mvivu tu. Mimi nimeambiwa yote matatu. La ulevi lilifika hadi ofisi ya mkuu wa shule.

Kinachotokea mwilini ni hivi. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ufanye kazi, unatoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ichukulie kama mjumbe wa nyumba kumi anayepita akibisha hodi. Milango ni vipokezi vilivyo kwenye uso wa msuli. Kwa mwenye miasthenia, kinga ya mwili, badala ya kushughulika na vijidudu, imetengeneza kingamwili zinazoziba milango hiyo na kuibomoa. Mjumbe anabisha, wanaosikia ni wachache. Tembe ya pairidostigmini ninayomeza kila baada ya saa chache haifungui mlango hata mmoja. Inazuia tu kimeng'enya kinachomwondoa mjumbe, ili abishe kwa muda mrefu zaidi.

Habari ya vipokezi ilijulikana kwa kuhesabu, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis alikwisha kuandika juu ya mwanamke ambaye akizungumza kwa muda mrefu sauti ilikatika kabisa kwa saa moja au mbili. (Huenda alikuwa mwalimu.) Kwa karibu miaka 300 iliyofuata madaktari walieleza dalili, wakaupa ugonjwa jina, wakabishana. Mwaka 1960 John Simpson wa Glasgow alitoa wazo kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia misuli, lakini njia ya kulithibitisha hakuwa nayo. Njia ililetwa na nyoka. Watafiti wa Taiwan, Chang na Lee, walitenga kutoka kwa nyoka wa kwao sumu inayong'ang'ania vipokezi hivyo hivyo na haibanduki kirahisi. Ukiitia alama ya mionzi, unaweza kupima vipokezi viko vingapi. Mwaka 1973 Fambrough, Drachman na mwenzao wakapima misuli ya wagonjwa, wakakuta vimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Mwaka huo huo Patrick na Lindstrom waliwachoma sungura sindano yenye vipokezi vilivyotolewa kwa samaki wa umeme wa Amerika Kusini. Kinga za sungura zikachachamaa, sungura wakalegea. Mabishano ya karne yakaisha, na haikuchukua miaka mingi kipimo cha damu kikapatikana.

Dawa yenyewe ilitangulia maelezo. Mwaka 1934 Mary Walker alikuwa daktari wa ngazi ya chini katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, London, hospitali iliyotokana na matunzo ya maskini wa parokia. Si chuo kikuu, si taasisi ya utafiti. Aliona kwamba udhaifu wa mgonjwa wake unafanana na wa mtu aliyeingiwa mwilini na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Akawaza: kama kurare ina kiuasumu, kwa nini nisimjaribie mgonjwa? Akamchoma fisostigmini, kope likapanda. Na fisostigmini inatoka wapi? Kwenye harage la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, ambalo wenyeji walilitumia katika kiapo: mtuhumiwa wa uchawi alilishwa, akitapika na kupona hana hatia, akifa basi ndiye. Pairidostigmini ya leo ni ya ukoo huo huo wa dawa. Sisemi haya ili tujivunie harage. Nasema kwa sababu ya Mary Walker: alikuwa na wodi, mgonjwa, na mazoea ya kuandika alichokiona. Wodi tunazo. Wagonjwa tunao. Kilichobaki ni kuandika mahali pamoja.

Tuko wangapi? Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, na Dar es Salaam peke yake watu 5,383,728. Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani hukuta wagonjwa zaidi ya 100 kwa kila watu milioni moja. Taifa letu ni la vijana, na huko sehemu kubwa ya wagonjwa ni wazee, kwa hiyo nakata nusu, nachukua 50. Bado tunapata zaidi ya wagonjwa 3,000 nchini, na zaidi ya 250 katika jiji hili. Mimi nawafahamu wachache mno. Wengine wako wapi? Nina hofu kwamba baadhi wako kwa waganga wa kienyeji, baadhi wamebandikwa kiharusi, na baadhi walikufa kwa kushindwa kupumua wakaandikwa nimonia.

Wengine tunaumizwa na dawa halali. Hili naomba ulisome taratibu. Niliwahi kuugua njia ya mkojo, nikaenda duka moja la dawa, nikauziwa sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) bila cheti wala swali. Usiku ule nilishindwa kumeza hata mate. Sipro na ndugu zake zinajulikana kuwazidishia hali wenye miasthenia. Vivyo hivyo jenta (jentamisini, nayo ya bakteria), kwinini, na baadhi ya dawa za presha na moyo. Kubwa kuliko zote ni magnesiamu salfeti. Katika wodi zetu za wazazi hiyo ndiyo dawa inayomwokoa mama mwenye kifafa cha mimba, na ni sawa kabisa iwepo. Lakini mama huyo akiwa na miasthenia, dawa hiyo hiyo yaweza kumfunga pumzi. Na miasthenia inayoanza ujanani huwapata zaidi wanawake, tena katika umri wa kuzaa! Daftari lingempa kila aliyeandikishwa kadi yenye orodha ya dawa za hatari, ya kuonyesha dirisha la dawa na leba. Gharama yake ni karatasi na wino.

Utaniambia magonjwa ni mengi na kila mgonjwa anataka daftari lake. Kweli. Lakini tazama selimundu. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake pale Muhimbili walianza kuandikisha wagonjwa na kuwafuatilia, na kundi lile limekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani yanayofuatiliwa na kituo kimoja. Watafiti wa nje walikuja kwa sababu palikuwa na majina, tarehe na vipimo. Nimelisoma somo hilo tangu upande wa mgonjwa: utafiti unakwenda kule ambako watu wamekwisha kuhesabiwa.

Mfano wa hasara ya kutokuwemo ninao. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa juu ya kuondoa tezi ya thaimasi, ile iliyo kifuani mbele ya moyo. Wagonjwa 126 kutoka nchi mbalimbali, Afrika Kusini ikiwamo, waligawanywa: wengine walipasuliwa na kupewa prednisoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, wengine prednisoni peke yake. Baada ya miaka 3 waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji dozi ndogo zaidi. Hizo ni habari njema kwetu sisi zaidi ya matajiri, kwa kuwa upasuaji hulipiwa mara moja. Pale Upanga, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafungua vifua vya Watanzania kila mara, na anayefika kwenye moyo anaipita thaimasi njiani. Nani kati yetu angefaa kupasuliwa? Bila orodha yenye umri, aina ya kingamwili na picha ya kifua, swali hilo linajibiwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa bahati.

Pia hatuna hakika kwamba ugonjwa wa Mbagala ni sawasawa na wa Ulaya. Watafiti wa Cape Town wameeleza wagonjwa, wengi wao vijana wenye asili ya Kiafrika, ambao mwili unaitikia dawa lakini misuli ya macho inabaki imegoma. Nilipolisoma hilo nililisoma mara mbili, kwa jicho moja. Je, hapa wapo? Ni wangapi? Kijana wa namna hiyo aanzishiwe dawa kali mapema, au aachwe?

Dawa mpya nazifahamu. Ekulizumabu iliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2017, efgatigimodi mwaka 2021, na nyingine zimefuata. Efgatigimodi inaharakisha kingamwili kuvunjwa na kutoka mwilini, jambo la kupendeza hata kulifundisha. Lakini ekulizumabu kwa mwaka mmoja huko Marekani ni mamia ya maelfu ya dola, na mimi sitakudai hiyo huku nikiambiwa dirishani, "Pairidostigmini imeisha, dada, jaribu Kariakoo." Tembe hiyo ya miligramu 60 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapotea kwa sababu hakuna anayejua ziagizwe ngapi. Bohari ya Dawa ikipewa idadi ya wagonjwa, itaagiza. Wanaopanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nao wanahitaji idadi hiyo hiyo.

Kuanza hakuhitaji mashine. Kope lililoanguka likiwekewa barafu ndani ya glavu kwa dakika 2 na likapanda, una sababu nzuri ya kumwandika mgonjwa na kumpeleka mbele kwa vipimo vya damu na vya mishipa ya fahamu. Barafu haikosekani, pale soko la samaki la Feri inauzwa tangu alfajiri. Naomba fomu ya ukurasa mmoja tu: umri, jinsia, wilaya, dalili ya kwanza na mwaka ilipoanza, vipimo, hali ya thaimasi, dawa, ujauzito, na kama amewahi kulazwa kwa kushindwa kupumua. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kina wanafunzi wa udaktari wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) inajua taratibu za maadili na siri za wagonjwa kuliko mimi. Wizara ikihitaji watu wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta siku za Jumamosi, nipo, pamoja na wagonjwa wenzangu wawili watatu tunaofahamiana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, NIMR
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa
Makamu Mkuu wa Chuo, MUHAS